Mapele Hayakugusa Zizi la Paskazia

Mabatini, Mwanza
16 Novemba 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ila kivuko kilikaa sana pale Busisi na viatu vyangu mpaka leo havijakauka. Mguu wako je, ule unaovimba mvua zikizidi? Huku mvua hainyeshi, inamwagwa.

Shangazi, najua hukufurahi jana wakati naondoka. Ulitaka kuniuliza jambo mbele ya rafiki yako Dorotea, nikakukatiza. Sasa nakujibu.

Ugonjwa unaoitwa mapele ngozi umeshaingia kwa wafugaji wa Mkolani. Nimeuona kwa macho yangu. Ng'ombe anapata homa, maziwa yanakata, halafu ngozi yote inatoka manundu. Unaenezwa na mbu na nzi wanaouma, na mwaka huu wadudu hao ni wengi kuliko majani. Ziwa halitauzuia. Ndiyo maana nilikuja na ile chupa ya chanjo, nimeificha ndani ya chupa ya chai yenye barafu ya samaki. Ng'ombe wako watano watakuwa na kinga, ila subiri wiki tatu ndipo uwachanganye na wa wenzako. Uvimbe ulioona pale nilipochoma sindano utapungua wenyewe.

Ulitaka kuniuliza kwa nini nilimwaga iliyobaki nyuma ya zizi. Chupa moja inatosha ng'ombe hamsini, na ikishachanganywa hailali, lazima iishe siku hiyo hiyo. Nilimwaga dozi arobaini na tano kwa sababu niliogopa. Tangu serikali inipunguze kazini sina tena ruhusa ya kuchanja, mpaka kibali cha wilaya. Na chupa yenyewe niliitoa kwenye friji la duka la dawa za mifugo ninakouza, bila kumwambia Faisal, mwenye duka. Iliagizwa na mfugaji mmoja mkubwa. Ningechanja ng'ombe wa kijiji kizima, kesho yake habari ingekuwa imefika Sengerema, na keshokutwa ningekuwa mikononi mwa polisi.

Wewe ulinichukua baba alipofariki, ukanisomesha mpaka chuo cha mifugo. Nilikuwa na uwezo wa kuokoa zizi moja, nikachagua lako.

Tafadhali usimwambie mtu. Hata Dorotea.

Mtoto wa kaka yako,
Odeta

---

Mwalugembe
13 Desemba 1997

Kwa mwanangu Odeta,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Sihaba, yule mama mchuuzi wa samaki, naye ndiye atakayekuletea hii. Mguu haujambo. Nakula, nalala, namshukuru Mungu. Je, wewe unakula vizuri huko, au ni chai na mkate tu?

Ule ugonjwa umefika.

Ulianzia kwa jirani yangu Shimba. Alikuja asubuhi akasimama nje akaniita, "Mama Paskazia, njoo unitazamie dume langu, wewe una mtoto aliyesomea mifugo." Nikaenda. Nilikuta dume amesimama peke yake, manyoya yamesimama, machozi yanatoka. Nikampapasa shingoni. Mwanangu, ni kama mtu amemshonea karanga chini ya ngozi. Baada ya siku nne zile karanga zikawa ndimu, zikapasuka, zikaacha mashimo unayoona nyama ndani. Nzi hawaondoki. Ng'ombe wake mweupe ametoka mapele mpaka kwenye kiwele, ndama akisogea anapigwa teke.

Sasa ni kaya tisa. Ukipita njiani unasikia harufu kabla hujaona zizi.

Wa kwangu watano wanakula, wanacheua, ngozi zao zinang'aa. Naona aibu kuwatoa nje. Shimba aliniuliza, "Wa kwako vipi?" Nikasema, "Wazima, Mungu anasaidia." Odeta, nilimtaja Mungu huku nikijua ni sindano yako.

Niruhusu nimwambie. Ni jirani yangu. Alinichimbia mume wangu kaburi.

Shangazi yako,
Paskazia

---

Mabatini
21 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama nyuma ya duka. Mimi ni mzima kwa mwili.

Nakuomba sana, usimwambie. Faisal amehesabu chupa zake. Aliniuliza mbele ya mteja, "Odeta, moja imekwenda wapi?" Nikamwambia labda ilivunjika siku umeme ulipokatika na tukahamisha vitu. Akazihesabu tena. Nimemdanganya mtu aliyenipa kazi wakati wote nilioachishwa nao walikuwa wanauza vitumbua na mitumba. Akijua, nimekwisha.

Mwambie Shimba haya, mwambie nimeyasema mimi: awatenge wagonjwa, aoshe vidonda kwa maji ya chumvi, apake dawa ya kufukuza nzi. Nakutumia chupa mbili za dawa ya sindano ya vidonda, nimezinunua mwenyewe kwa haki. Zamani josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe lingesaidia kupunguza wadudu, lakini tangu dawa ya serikali ikome najua limebaki shimo la vyura. Siku hizi kila mtu na lake.

Usiogope, shangazi. Ugonjwa huu unatisha kwa macho, lakini hauui ng'ombe wengi. Utapita.

Krismasi njema.

Odeta wako

---

Mwalugembe
17 Januari 1998

Mwanangu Odeta,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Afya yangu ni nzuri, lakini usingizi umenihama.

Ulisema utapita. Haujapita. Shimba amepoteza ndama watatu na yule ng'ombe mweupe, na waliopona wamekonda kama vitanda. Hata ngozi hakuna anayezitaka, zimetoboka kama chujio. Kwa Mihayo, mkuu wa sungusungu, ng'ombe wanne wameharibu mimba. Dawa ulizotuma nilizigawa, na maagizo yako nikamfikishia Shimba, ila wagonjwa walikuwa wameshachanganyika na wazima. Watu walizipokea bila kusema asante.

Jumatatu nilikwenda kisimani nikakuta wanawake sita. Nikasalimu, wakaitikia wawili. Nilipoinama kuchota, mmoja akasema huku amegeukia pembeni, "Nzi wa kijiji hiki wana adabu. Kuna zizi hawaingii bila hodi." Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha.

Dorotea alinifuata njiani. Tuliolewa mwaka mmoja, mimi na yeye, unajua. Akaniambia, "Paskazia, sema unachotumia. Kama ni dawa, tugawie. Kama si dawa..." Akaishia hapo. Nikamwambia, "Dorotea, unanijua." Akasema, "Nilikuwa nakujua." Tangu siku hiyo hajaja kwangu.

Juzi wamemleta mpiga ramli kutoka upande wa Geita. Alizunguka kila zizi. Kwangu hakuingia. Alisimama langoni, akawatazama ng'ombe, halafu akanitazama mimi usoni muda mrefu, akaondoka. Baada ya hapo nilijitazama kwenye sufuria ya maji. Macho yangu ni mekundu kweli. Miaka thelathini ya kupikia samadi kavu, yangekuwa rangi gani? Lakini unajua huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee asiye na mtoto wa tumbo lake yanasomwaje. Yule bibi wa kijiji cha pili, mwaka juzi. Siandiki zaidi.

Sijamwambia mtu habari ya sindano. Uliniomba, nimekaa kimya.

Shangazi yako,
Paskazia

---

Mabatini
20 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Hata salamu sijui niziandikeje.

Ondoka. Ukishapokea barua hii usisubiri kufunga mzigo. Njoo na Sihaba hadi Busisi, panda kivuko, shuka Kigongo, mimi nitakuwa pale kila siku kuanzia saa nne asubuhi. Waache hao ng'ombe. Nina chumba kimoja lakini kitanda kinatosha watu wawili.

Yule bibi wa mwaka juzi najua walimfanya nini. Kila nikifumba macho naliona panga.

Nakuomba, shangazi. Mimi ndiye niliyekuletea hili. Vuka.

Odeta

---

Mwalugembe
24 Januari 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimepokea. Usiende Kigongo kunisubiri, utaloa bure.

Siji. Nikikimbia nimekiri, na nikikiri watanifuata hata huko Mabatini, au watamfuata mwanamke mwingine mwenye macho kama yangu. Hapa ndipo alipozikwa mume wangu. Na hawa ng'ombe wakiachwa peke yao watachinjwa, na hawana kosa.

Jana asubuhi nilipofungua mlango nilikuta ngozi imetandikwa juu ya uzio wa minyaa, mbele kabisa, mahali ambapo lazima niione. Ngozi ya ng'ombe mweupe wa Shimba. Mashimo matupu. Mtu alikuja mpaka hapo, akaitandika vizuri kama anavyotandika shuka, na mbwa wangu hakubweka. Maana yake ni mtu anayemjua.

Sikuigusa. Bado ipo. Natoka kwa mlango wa nyuma.

Mwenyekiti wa kijiji, Antoni, ameitisha mkutano Jumapili ijayo, tarehe moja, baada ya ibada. Ameniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mpiga ramli atasema jina hadharani. Mimi ni mwenyekiti, lakini siku hiyo sitakuwa na nguvu juu ya watu." Nikamuuliza, "Jina unalijua?" Akatazama chini.

Usije wewe. Umenisikia? Wakikuona watasema wachawi tuko wawili. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Wewe una maisha.

Nikiwa mzima wiki ijayo nitakuandikia.

Shangazi yako anayekupenda,
Paskazia

---

Mabatini
28 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nakuja.

Jana nilimwambia Faisal. Alikuwa amefunga Ramadhani, amekaa kwenye kiti chake akisubiri jioni. Nikafunga mlango wa duka nikasema yote: chupa, ng'ombe watano, nilichomwaga, uongo wa umeme, na barua zako. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga, mimi ndiye niliyeanza kulia.

Akasema, "Chupa umeiba. Hilo tutalizungumza, wala sijui kama utabaki hapa. Lakini kwanza niambie, huyo mama yuko peke yake?"

Nikasema, "Yuko peke yake."

"Na wewe unafanya nini dukani kwangu?"

Akaniandikia karatasi kwa mkono wake, kwamba chanjo ilitoka kwenye friji lake, tarehe aliyoipokea na namba iliyobandikwa kwenye chupa, akapiga mhuri wa duka. Akasema watu wanaweza kuubishia mdomo wangu, lakini mhuri utawapa kazi kidogo.

Umesema nisije. Nimekutii maisha yangu yote na nikakufundisha wewe kunitii mimi, na tazama umefikia wapi. Naogopa, shangazi. Barabara ya Kigongo imekatwa na maji katika sehemu mbili, kwa hiyo nitaondoka Ijumaa ili Jumapili isinikute njiani. Nikichelewa, barua hii mpe Antoni aisome mbele ya watu, yote, pamoja na mahali nilipoandika kwamba nimeiba.

Mtoto wako,
Odeta

---

Mwalugembe
9 Februari 1998

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Ni mzima. Narudia ili usisome kwa haraka: ni mzima, nimekaa kizingitini kwangu, mguu unauma kidogo.

Nakuandikia yaliyotokea baada ya Antoni kukutoa pale uwanjani na kukupeleka wilayani kwa daktari wa mifugo. Ulikuwa unageuka nyuma. Nilitaka kukupungia mkono, nikaogopa wataona.

Uliposimama mbele ya mpiga ramli ukasema, "Msitaje mtu, mimi ndiye," nilitaka kukuvuta nguo. Nilimwona Mihayo akishika fimbo yake vizuri. Uliposoma ile karatasi yenye mhuri, watu walikuwa wananong'ona bado. Lakini uliposema, "Ng'ombe watano nimechanja, dozi arobaini na tano nikazimwaga nyuma ya zizi," hakuna aliyenong'ona tena. Niliwasikia wakivuta pumzi. Kila mtu alikuwa anahesabu ng'ombe wake.

Mlipoondoka tu, mpiga ramli akasema ni hadithi ya kufichana, wachawi husaidiana. Wapo waliopiga makofi. Vijana wawili walinisogelea mpaka nikasikia jasho lao. Ndipo Dorotea akainuka. Hakunitazama. Akasema, "Mimi nilimwona huyo mtoto siku ile na chupa ya chai, anaitia barafu. Nani anaroga kwa barafu? Ameficha dawa, hajaroga. Mtu anayeficha dawa anatengwa. Hauawi."

Watu wakabishana hadi jua likageuka. Halafu Shimba akasimama. Alikuja mpaka mbele yangu. Nilifumba macho, mwanangu, sitakudanganya. Nilisubiri.

Akasema, "Ile ngozi niliitandika mimi."

Nikasema, "Nilijua."

Akasema, "Wakati nafikiri ni uchawi nilikuwa nakuogopa. Sasa sikuogopi. Ulikuwa na neno moja mdomoni, ungeniambia tu mapema niwatenge na nimwite daktari. Nilikuuliza, ukanijibu Mungu anasaidia. Heri ingekuwa uchawi." Akaondoka.

Sungusungu wamenihukumu. Miezi sita nisichote maji na wenzangu, nisiombe moto, nisiitwe msibani wala harusini, na atakayenisalimia anatozwa mbuzi. Mihayo alisoma hukumu kwa sauti kubwa. Nimeikubali. Nachota maji ziwani sasa, ni mbali.

Bado nasukuma kinu mlangoni nikilala. Wale vijana wawili wanapita njia ya mbele ya kwangu, na njia yao haikuwa hii.

Wewe wamekufanya nini huko?

Shangazi yako,
Paskazia

---

Mabatini
1 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma habari zako nikalia, nikacheka, nikalia tena. Nimekusababishia kutengwa na watu ulioishi nao miaka arobaini. Sina neno la kuliondoa hilo.

Mimi ni mzima. Daktari wa wilaya alinifokea siku nzima, akaandika maelezo, nikatia sahihi. Alisema ningempelekea taarifa Novemba, siku ile ile niliyoona wa Mkolani, angekuja na chanjo kabla ya ugonjwa. Hilo ndilo linaloniamsha. Dukani sipo tena. Faisal alinipa mkono, akasema hana kinyongo ila hawezi kuniachia funguo. Ana haki.

Sasa chanjo imefika wilayani, kwa ajili ya vitongoji ambavyo havijaugua na ng'ombe waliobaki salama. Daktari hana watu. Wengi tulipunguzwa pamoja. Ameniambia nifuatane naye kama kibarua, nichome sindano chini ya macho yake. Tutaanza na Mwalugembe, Alhamisi tarehe kumi na mbili.

Shangazi, naogopa kuja kuliko nilivyoogopa ile Jumapili. Siku ile nilikuwa na jambo la kusema. Sasa nitakuja na sindano tu, kwa watu wale wale, na nitawaomba wanishikie ng'ombe. Wakikataa? Wakiniacha nimesimama uwanjani na boksi la barafu?

Uliza, kama kuna mtu yeyote anayezungumza nawe. Niambie kweli. Wakisema nisije, nitamwambia daktari atafute mwingine.

Odeta wako

---

Mwalugembe
8 Machi 1998

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Naandika kifupi, Sihaba anasubiri.

Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilimwambia Sihaba aeneze habari sokoni kwamba chanjo inakuja Alhamisi, na nani ataishika sindano. Nilimwambia asifiche jina lako.

Leo baada ya ibada Shimba alikuja. Hakuingia, alisimama ng'ambo ya minyaa. Alitazama huku na huku kama kuna mtu, kwa sababu ya ile adhabu ya mbuzi. Halafu akasema, "Nina mitamba miwili haijaugua. Mwambie mtoto wako aje. Nitaishika mimi mwenyewe."

Nikamuuliza, "Umetusamehe?"

Akasema, "Nimesema nitashika mitamba."

Sauti yake haikuwa nzuri. Nimekaa nikiifikiria tangu saa hiyo na sijui ilikuwa na nini ndani. Lakini alisimama pale muda mrefu kuliko maneno yake, na alipoondoka alikwenda polepole.

Njoo.

Shangazi yako,
Paskazia